Nunavut: zaidi ya nusu ya watu wako nyumba za serikali, na bado familia zinalala kwa zamu. Tatizo hasa ni nini?

#1 Mzee_wa_Ramani

Wakuu, salaam. Habari za Kanada zinazotufikia ni za Toronto na Montreal tu, kaskazini kabisa hakuzungumzwi. Nunavut ilizaliwa rasmi 1 Aprili 1999. Ina miji na vijiji 25, watu karibu 40,000, wengi wao Wainuit, wenyeji asilia wa kaskazini. Hakuna barabara hata moja inayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Zaidi ya nusu ya wakazi ni wapangaji wa nyumba za umma. Sensa ya 2021 ilikuta kwamba katika maeneo yote ya Wainuit huko Kanada, karibu asilimia 53 yao wanaishi kwenye nyumba zenye msongamano.

Dai langu: sababu ni fedha. Mwaka 1993 serikali kuu ya Kanada ilisitisha fedha za kujenga nyumba mpya za jamii. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake, na wote wamo kwenye nyumba ileile ya bibi. Mwenye hoja tofauti ailete.

#2 Bi_Asha_YK

Asante kwa mada. Marekebisho mawili. Mwaka 1993 Nunavut haikuwepo, eneo lote lilikuwa chini ya Northwest Territories, na shirika lao la nyumba, NHC, limeanza 2000. La pili, kilichokatwa 1993 ni fedha za nyumba MPYA. Za kutunza zile za zamani ziliendelea kuja, ila zinapungua kila mwaka kwa ratiba mpaka zifike sifuri 2037. Hilo la pili lina uchungu zaidi, maana nyumba inazidi kuzeeka huku fungu la matengenezo linazidi kusinyaa.

#3 Kijitonyama_B

NHC? Nikajua tumehamia Shirika letu la Nyumba, lile la tangu 1962 😀

Swali la haraka: kama ardhi ya kujengea ni shida na watu hawatoshi ndani, kwa nini wasipandishe maghorofa kama Magomeni Kota, wamalize kazi?

#4 Nguzo_za_Chuma

Mzee #1, fedha peke yake hapana. Mwaka 2006 serikali kuu iliwapa Nunavut dola milioni 200 za Kanada kwa nyumba 725. Gharama zikapita makadirio kwa zaidi ya milioni 100. Shilingi ilikuwepo mkononi, ila wengi hawajui kazi yenyewe ya kujenga kule ikoje. Nieleze.

Ardhi imeganda mwaka mzima. Kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, halafu huganda tena. Ukilaza msingi wa zege kama wetu, joto la nyumba linayeyusha chini na nyumba inazama upande mmoja. Kwa hiyo nyumba inasimama juu ya nguzo, na chini yake panaachwa wazi upepo wa baridi upite.

Nguzo ya chuma inafanywa hivi. Unachoronga tundu lenye upana unaozidi bomba kidogo, mita kadhaa kwenda chini mpaka ufike mwamba au kina alichopanga mhandisi. Unashusha bomba. Nafasi inayobaki pembeni unajaza mchanga uliochanganywa na maji, si saruji. Maji yanaganda, mchanga unashika bomba kama meno. Halafu unasubiri! Ukiweka uzito kabla ya kuganda kabisa, nguzo inashuka na hutaiona mpaka mlango ukatae kufunga mwaka unaofuata. Wakati mzuri wa kuchoronga ni mwisho wa majira ya baridi, ardhi ikiwa bado ngumu na mashine haizami kwenye tope.

Sasa weka ratiba ya meli. Bahari iko wazi kuanzia karibu Julai mpaka Oktoba. Mbao, madirisha, boila, misumari, vyote vinakuja kwa meli hiyo. Sehemu nyingi hakuna gati: meli inatia nanga mbali, tishari linaleta mzigo ufukweni maji yakijaa. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 10, na bandari yake ya kina kirefu imefunguliwa 2023 tu. Ukisahau kasha moja la madirisha, unasubiri mwaka au unalipia ndege. Nyumba ambayo kusini inachukua miezi sita, kule ni misimu miwili, na ya tatu ikiharibika hesabu.

#5 Mzee_wa_Ramani

Mkuu Nguzo, nimekupata, lakini yote uliyoyataja yanatatuliwa na fedha zinazokuja kwa mfululizo. Zikija kwa mafungu ya kushtukiza, 2006 rundo, kisha kimya, mkandarasi hawezi kuweka mashine ya kuchoronga mjini wala kufundisha vijana. Kila mara anaanza moja. Ndiyo maana nasema 1993 ndiyo chanzo.

#6 Nuuk_hadi_Tanga

#3, ghorofa walishajaribu majirani zao wa Greenland. Pale Nuuk kulikuwa na Blok P, jengo la miaka ya 1960, ghorofa tano, refu zaidi ya mita 200, likibeba karibu asilimia 1 ya watu wote wa Greenland. Watu walitolewa vijiji vya pwani wakapangwa humo. Vyumba vilichorwa kwa maisha ya Denmark. Milango ilikuwa myembamba, mtu aliyevaa nguo nzito za baridi akipita anakwaruza pande zote. Kabati halitoshi zana za uvuvi, kwa hiyo nyavu na kamba zilijaa kwenye roshani na kuziba njia ya kutokea moto ukizuka. Mahali pa kuchunia samaki na nyama palikuwa beseni la kuogea, na damu iliyoganda ikaziba mabomba ya maji machafu. Wamelibomoa Oktoba 2012.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni mchoro. Nenda na milioni ngapi, ukijengea watu nyumba isiyowafaa umejenga matengenezo.

#7 Kijitonyama_B

Duh. Nimekubali, narudisha ghorofa langu.

#8 Shemeji_Mkandarasi

#6 ni kweli kwa Blok P, lakini Nunavut ghorofa fupi zipo na zinafanya kazi. Siku hizi NHC inajenga sana majengo ya familia tano chini ya paa moja, kwa sababu kuta za pamoja zinaokoa mafuta, na boila moja kubwa ni rahisi kutunza kuliko tano ndogo. Hoja ya mchoro ina ukweli lakini isizidishwe. Mnyama kama sili au nusu ya caribou (kulungu wa kaskazini) anapoletwa nyumbani, kazi inafanyika sakafuni jikoni juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, watu wamekaa chini na kisu chao cha nusu duara, ulu. Kinachohitajika ni sakafu pana isiyokatwa na kaunta katikati, sinki lenye kina, na kibaraza cha baridi cha kuhifadhia nyama na kuachia mabuti. Haya si anasa wala hayaongezi gharama kubwa yakiwekwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

#9 Fundi_Boila

Niingie kwenye kitu ambacho hakijaguswa: hewa.

Nyumba za kule zimezibwa kisawasawa. Nailoni ya kuzuia mvuke nyuma ya jipsamu, kihami joto kinene, madirisha ya vioo vitatu. Sasa weka watu 10 kwenye vyumba vitatu. Kila mtu anapumua mvuke, sufuria zinachemka, nguo zinaanikwa ndani kwa sababu nje ni −35. Mvuke huo usipotoka unatafuta mahali pa baridi: pembe za kuta za nje, fremu za dirisha, vichwa vya misumari darini. Unaganda pale, siku ya joto unayeyuka, plaiwudi inalowa, kuvu anaota. Ukitaka kujua nyumba imeanza, usiangalie katikati ya ukuta. Vuta godoro lililosukumwa kwenye ukuta wa nje, angalia nyuma yake chini kabisa. Utakuta doa jeusi lenye umbo la godoro lenyewe.

Dawa yake ni mashine ya kubadilisha hewa, HRV. Inatoa hewa chafu ya moto na kuingiza safi ya baridi, zikipishana kwenye kiini bila kuchanganyika, joto linahama kutoka moja kwenda nyingine. Mambo yanayoiua:

Moja, barafu. Baridi ikiwa kali, mvuke unaotoka unaganda ndani ya kiini. Mashine inafunga hewa ya nje na kuzungusha ya ndani ili kiyeyuke. Kwenye −40 inatumia sehemu kubwa ya saa kujiyeyusha, kwa hiyo wakati nyumba imefungwa kabisa na watu wote wako ndani ndipo hewa safi inapungua.

Mbili, filta. Manyoya ya ngozi zinazoshonwa, nywele za mbwa na vumbi la nguo huziba filta upesi. Kiwandani wanasema osha kila miezi mitatu. Kwenye nyumba ya watu 10 osha kila mwezi: toa, pangusa, suuza kwa maji ya uvuguvugu, kausha KABISA ndio urudishe. Ikirudi na unyevu inaganda siku hiyohiyo.

Tatu, mdomo wa nje wa kuvutia hewa. Theluji laini inayopeperushwa na upepo inaingia na kuziba wavu mdogo wa kuzuia wadudu. Huko mwezi Januari mdudu gani? Wavu huo utolewe.

Kuna aina mpya yenye viini viwili vinavyopokezana, kimoja kinapashwa na hewa inayotoka wakati cha pili kinaipa joto hewa inayoingia, halafu vinabadilishana. Haihitaji kusimama ili kuyeyusha. Imejaribiwa kwenye kituo cha utafiti cha Cambridge Bay, humohumo Nunavut. Hapo naona mwanga.

#10 Bukavu_Kwetu

Fundi umeeleza vizuri, lakini kuna jambo umeliruka. Wapangaji wanaizima. Mlango wa hewa uko juu ya kitanda, hewa inamwagika ya baridi usiku, mtu anachomeka taulo kwenye tundu au anazima swichi. Halafu ofisi ya nyumba inaandika kwenye faili "mpangaji ameharibu". Mashine inalaumiwa, mtu analaumiwa, kumbe aliyechora aliweka tundu juu ya kichwa cha mtoto.

#11 Fundi_Boila

#10 sawa kabisa. Tundu la hewa liwekwe juu karibu na dari, mbali na kitanda, na kuwe na kipashio kidogo cha kuitoa hewa ile kwenye ubaridi kabla haijaingia chumbani. Na swichi isiwe kwenye ukuta wa sebule karibu na ya taa. Nyumba nyingi ziko hivyo, watu wanaizima bila hata kujua ni ya nini, maana maelekezo yaliyobandikwa ni ya Kiingereza na bibi mwenye nyumba anasoma Kiinuktitut, lugha ya Wainuit.

#12 Daktari_wa_Pwani

Kwa upande wa afya hiyo hewa si jambo dogo. Watoto wachanga wa Kiinuit wa Nunavut wanalazwa kwa maambukizi ya kifua kwa kiwango cha juu sana duniani. Tafiti za Dkt. Thomas Kovesi na wenzake zilipima hewa ya ndani ya nyumba hizo na kukuta kaboni dayoksaidi juu ya kiwango kinachopendekezwa, na walipoweka HRV zinazofanya kazi, kukorota kwa vifua vya watoto kulipungua.

Kifua kikuu nacho: takwimu za karibu 2016 zilionyesha kiwango kwa Wainuit wa maeneo yao ni karibu mara 300 ya Wakanada wasio wenyeji asilia waliozaliwa Kanada. Machi 2018 serikali kuu na jumuiya ya Wainuit, ITK, chini ya Natan Obed, waliahidi kupunguza nusu ifikapo 2025 na kutokomeza 2030. Vidonge vipo. Lakini mgonjwa anayekohoa unamwambia alale chumba cha peke yake, chumba kipi? Kuna nyumba watu wanalala kwa zamu, mtoto wa shule akiamka mjomba anaingia kwenye godoro lilelile likiwa bado na joto. Kijiji cha Pangnirtung kililazimika kutangaziwa mlipuko Novemba 2021.

#13 Mzee_wa_Ramani

Ndiyo hayo nasema. Yote yanarudi kwenye idadi ya nyumba. HRV iliyoundwa kwa watu watano ikibebeshwa kumi itashindwa tu, hata fundi awe malaika.

#14 Nguzo_za_Chuma

Na mimi narudi kwenye ardhi na huduma. Hata ukipewa nyumba 100 za bure kesho, kiwanja kilichosawazishwa kwa changarawe kiko wapi? Umeme je? Kila mji una kituo chake cha dizeli, haujaungana na mwingine. Kampuni inaitwa Qulliq, jina la ile taa ya mafuta ya sili ambayo mama wa Kiinuit alikuwa akiitunza usiku kucha. Jina zuri. Lakini kituo kikifika ukomo, nyumba mpya haziunganishwi mpaka jenereta mpya ije kwa meli.

#15 Mama_Ustawi

Wapendwa, mnajadili mbao na mashine, mmesahau nani anapata ufunguo. Niandike kwa faida ya wanaofanya kazi na familia kule.

Nyumba ya umma haiombwi makao makuu. Kila mji una ofisi yake ya nyumba yenye bodi ya wakazi, na wao ndio wanapanga foleni kwa pointi. Msongamano unapewa pointi, kukosa makazi kunapewa, ukatili wa nyumbani pia. Unahitaji kuwa umekaa mjini kwa muda uliowekwa, taarifa ya kodi ya mapato ya mwaka uliopita, majina ya wote mtakaoishi. Makosa yanayowaangusha watu:

Malimbikizo ya zamani ya kodi ya nyumba. Hata kama ni ya miaka kumi iliyopita na ya mji mwingine, fomu inakwama. Usisubiri ulipe yote. Omba mkataba wa kulipa kidogo kidogo, uuweke kwa maandishi, na malipo ya kwanza yaonekane.

Kutohuisha fomu. Mtu anajaza mara moja anasubiri miaka. Kila mwaka lazima urudi kuthibitisha bado unahitaji. Mtoto akizaliwa nenda wiki hiyohiyo, pointi zinabadilika.

Kijana asiye na mke wala mtoto. Huyu anabaki mkiani daima kwa sababu nyumba nyingi ni za vyumba viwili, vitatu na zinakwenda kwa familia. Huyo ndiye analala kochi la shangazi wiki mbili, kwa rafiki wiki moja. Hakuna anayemhesabu kama hana makazi kwa sababu hayuko barabarani. Kwenye −40 hakuna anayekaa barabarani akabaki hai.

#16 Zawadi_wa_Winnipeg

Mama Ustawi asante. Na mwanamke anayepigwa je? Nyumba imeandikwa jina la mume.

#17 Mama_Ustawi

Dada Zawadi, kuna sheria Nunavut inatumika tangu 2008, ya kuzuia ukatili wa kifamilia. Mwanamke anaweza kuomba amri ya dharura ya ulinzi kwa hakimu wa amani, hata kwa simu, akisaidiwa na mfanyakazi wa haki wa jamii aliyeko mjini au polisi. Amri hiyo inaweza kumpa yeye na watoto haki ya kubaki nyumbani na mume atoke, HATA kama mkataba wa nyumba una jina la mume peke yake. Watu wengi hawalijui hili, wanakimbia wao na kuacha nyumba. Nakala ipelekwe ofisi ya nyumba siku hiyo, na aombe kufuli libadilishwe.

Ila nisiseme uongo, karatasi haizuii ngumi. Zaidi ya asilimia 70 ya jamii 51 za Wainuit Kanada hazina nyumba salama ya wanawake. Ukikimbia ni ndege, na ndege ikizuiwa na dhoruba unalala kituo cha afya. Na akirudi toka huko anakuta nafasi yake ya foleni imesogea, kwa hiyo kabla ya kuondoka aandikishe kwa ofisi kwamba ametoka kwa usalama, hajahama.

#18 Kijitonyama_B

Hapa nimekaa kimya nasoma. Finland si wanasifiwa kwamba mtu anapewa nyumba kwanza, ulevi na maradhi vinashughulikiwa baadaye? Kwa nini huko wasifanye?

#19 Bi_Asha_YK

Kijitonyama, hilo ni swali zuri. Finland walianza mpango huo kitaifa 2008, lakini nyuma yake kulikuwa na mashirika yanayomiliki nyumba, kama Y-Säätiö tangu 1985. Kanada nayo ilifanya jaribio kubwa kati ya 2009 na 2013 kwenye miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton. Matokeo yalikuwa mazuri. Mbinu yao: mfanyakazi anatafuta chumba kwa mwenye nyumba binafsi, serikali inaongezea kodi, kisha timu inamtembelea mtu.

Yellowknife, mji mkuu wa Northwest Territories, mbinu hiyo imejaribiwa maana kuna wenye nyumba binafsi kiasi. Kijiji cha Nunavut hakina mwenye nyumba binafsi. Kuna nyumba za umma, nyumba za wafanyakazi, na basi. "Nyumba kwanza" inahitaji nyumba iliyo wazi.

#20 Chifu_wa_Mwanza

Hizo nyumba za wafanyakazi zikoje? Mtu akiajiriwa kule kama nesi au mwalimu anapata nyumba siku ya kwanza?

#21 Shemeji_Mkandarasi

Mara nyingi ndiyo, nyumba inaambatana na kazi. Na hapo kuna manung'uniko halali. Mwalimu kutoka kusini anafika na ufunguo mkononi, Mwinuit aliyezaliwa palepale akiajiriwa anaambiwa tayari una mahali, kwa mama yako, kumbe ni wa kumi na moja ndani. Na aliyepata nyumba kwa kazi, akiacha kazi ametoka na nyumba. Watu wanavumilia mabosi wabaya kwa sababu ya paa.

Ukipewa ofa, uliza kwa maandishi: ni nyumba nzima au ya kushirikiana na mgeni, kodi inakatwa kiasi gani, mafuta na maji nani analipa, na una siku ngapi za kutoka mkataba ukiisha.

#22 Bukavu_Kwetu

Na kodi ya umma yenyewe ilichangia. Inafuata kipato. Asiye na kipato alikuwa akilipa dola 60 kwa mwezi kwa miaka mingi. Ukipata kazi inapanda. Zamani hata mshahara wa kijana anayeishi kwa wazazi ulihesabiwa, kwa hiyo baba anamwambia mwanawe aache kazi. Mageuzi ya 2013–2014 yakaondoa hilo, wanahesabiwa wapangaji wakuu wawili tu. Lakini woga umebaki kwenye vichwa.

#23 Mzee_wa_Ramani

#22 na huo woga una historia. Wainuit hawakuomba kukaa mjini. Miaka ya 1950 na 1960 serikali iliwavuta kwenye makazi ya kudumu kwa shule, zahanati na posho, na wengi waliahidiwa nyumba za kodi ndogo sana. Wakakuta vibanda vya chumba kimoja vilivyobatizwa "viberiti". Wengine walihamishwa mbali kabisa, 1953 na 1955, kutoka Inukjuak, Quebec, mpaka Grise Fiord na Resolute, zaidi ya kilomita 1,500, na serikali imewaomba radhi 18 Agosti 2010 tu. Kwa mzee wa kule nyumba ya umma si msaada. Ni deni analodai. Mtu akija kumwambia "mnapewa bure" anamtukana.

#24 Nuuk_hadi_Tanga

Hili la deni lilisemwa hadi bungeni. Mbunge wa Nunavut wa wakati huo, kijana Mumilaaq Qaqqaq, alizunguka nyumba hizo 2020 na kutoa ripoti 2021 yenye picha za kuvu na kuta zilizooza. Baada ya hapo bajeti ya 2022 ilitenga dola milioni 845 kwa miaka saba kwa nyumba za maeneo ya Wainuit, na mwaka huohuo serikali ya Nunavut ikatangaza mpango wa nyumba 3,000 ifikapo 2030, nyingi wajenge na kampuni ya Wainuit, NCC.

#25 Nguzo_za_Chuma

3,000 ndani ya miaka minane kwa misimu ya meli nane. Gawanyeni wenyewe. Natamani wafike, lakini mafundi wangapi wa Kiinuit watakuwa wamesoma boila na nguzo kufikia hapo? Wakiletwa wote toka kusini wataondoka na ujuzi wao, na nyumba zile 3,000 zitaanza kuoza zikisubiri mtu wa kubadilisha nozeli.

#26 Zawadi_wa_Winnipeg

Na wazee? Bibi akipatwa na kusahau kwa uzee anapelekwa wapi?

#27 Mama_Ustawi

Wengi wamepelekwa Ottawa, zaidi ya kilomita 2,000, mahali ambapo wachache tu wanaongea lugha yao, na nyama mbichi ya caribou si rahisi kuipata. Rankin Inlet, humohumo Nunavut, kimejengwa kituo cha vitanda 24, ni mwanzo. Kwa familia, jambo la kufanya MAPEMA: kama mkataba wa nyumba una jina la bibi peke yake, nendeni ofisi ya nyumba akiwa bado na fahamu za kutia sahihi, mjukuu au binti aongezwe kama mpangaji mwenza. Bibi akishaondoka mkataba ukiwa na jina moja, waliobaki ndani wanaweza kuhesabiwa kama wageni, na kwa nyumba ya watu 11 hiyo ni hatari kubwa.

#28 Chifu_wa_Mwanza

Swali dogo la mwisho toka kwangu. Maji je? Kama ardhi imeganda bomba linapita wapi?

#29 Fundi_Boila

Iqaluit sehemu kubwa yanapita kwenye bomba lenye kihami, maji yakizungushwa muda wote yasigande. Vijiji vingi ni boza. Ndani ya nyumba kuna tangi la maji safi, chini au pembeni kuna tangi la majitaka, kila moja na gari lake. Tangi la majitaka lina floti. Likijaa, floti inakata pampu ya maji safi ili usimwage ndani. Kwa hiyo maji yakikatika ghafla na boza lilipita jana, usiite fundi wa pampu. Angalia tangi la majitaka kwanza. Kwenye nyumba yenye watu 12 linajaa kabla ya zamu ya gari, hasa wikendi.

Ukishindwa kulinyonya mapema, usiinamishe floti kwa waya ili pampu iwake, watu wanafanya hivyo. Majitaka yanafurika chini ya nyumba, yana joto, yanayeyusha ardhi kwenye nguzo. Hapo ndipo Nguzo_za_Chuma anaitwa.

#30 Nguzo_za_Chuma

Nimeitwa hivyo mara nyingi. Alama yake: mlango wa chumba cha upande wa tangi unaanza kugoma juu. Kama msingi ni wa jeki za skrubu juu ya changarawe, unapima kwa levo ya maji, unapandisha robo mzunguko kwa kila jeki ukizunguka nyumba nzima, usipandishe moja mpaka mwisho, utapasua jipsamu na nailoni ya mvuke ile aliyoisema Fundi kule #9. Kama ni nguzo ya kuchoronga na imeshayeyuka shingoni, hakuna jeki. Unazuia uvujaji, unafukua theluji yote iliyorundikana chini ya nyumba ili baridi iingie, na unaiacha ardhi igande tena majira yote ya baridi kabla ya kugusa chochote.

#31 Kijitonyama_B

Theluji inazuia baridi isiingie? Hapo umenipoteza mkuu, eleza.

#32 Nguzo_za_Chuma

Theluji ni blanketi. Imejaa hewa. Ikilala nene chini na pembeni ya nyumba, ardhi inabaki na joto la kiangazi mpaka Januari. Ndiyo maana uwazi ule wa chini hauzibwi na maboksi, wala sleji, wala mbao za kuremba. Upepo upite.

#33 Mzee_wa_Ramani

Asanteni wote. Bado nashikilia 1993, lakini #15 na #27 nimevinakili kumtumia jamaa anayefanya kazi Arviat. Mama Ustawi, ile amri ya ulinzi, kama hakimu wa amani hayupo mjini siku hiyo, polisi wenyewe ndio wanampigia wa mji mwingine au mpaka yule mfanyakazi wa haki awepo?

#34 Mama_Ustawi

Yeyote kati yao anaweza kusaidia kuomba kwa simu, hakimu si lazima awe mji huo. Mwambie asikubali jibu la "subiri Jumatatu".